Picha ya Lornah Iliyogoma

Gordon Oketch alikuwa mtu wa kusahihisha watu. Ukimwambia habari za asubuhi na jua limeshapanda, alikutazama juu ya miwani akakuambia hii si asubuhi tena. Maisha yake yote alikuwa karani wa stoo ya reli pale bandarini Kisumu, na alipostaafu alirudi nyumbani Migosi na saa ya ukutani, cheti chenye fremu, na imani kwamba hajawahi kukosea. Watu wa namna hiyo wapo, na Mungu huwapa umri mrefu. Wanaoishi nao ndio hutangulia.

Mkewe Lornah alitangulia. Aliuza nguo za mitumba sokoni Kibuye tangu nyumba ya Migosi ilipokuwa bado msingi, na mabati ya nyumba hiyo aliyanunua yeye, ingawa Gordon akisimulia, mabati yalinunuliwa na reli. Mwaka wa tisini na saba, mvua za masika zilipoanza, alilazwa, na kabla mvua haijakatika akafa. Ini, daktari alisema. Akasema pia kwamba angeletwa mapema, labda angepona. Hilo la pili Gordon hakulipeleka kwa mtu yeyote.

Siku ya mazishi, nyumbani kwao Gordon huko Uyoma, kaka mkubwa wa Lornah alisimama mbele ya jeneza. Aliitwa Nicodemus, mzee mkimya, shemasi wa kanisa, mtu ambaye akikuuliza jambo unajisikia umeshachelewa kujibu. Akauliza mbele ya watu wote: dada yetu aliugua lini? Gordon akajibu bila kupepesa macho kwamba aliugua Pasaka. Krismasi alikuwa mzima, akala, akacheka, hata picha walipiga. Akaapa kwa jina la Mungu huku mkono wake ukiwa juu ya ubao wa jeneza.

Nicodemus akasema, "Vizuri, ora, shemeji yangu. Basi siku ya rapar tutakapokuja, tuwekee hiyo picha ya Krismasi. Iwe kubwa. Tunataka kumwona alivyokuwa mzima."

Rapar ni ile karamu ya kumkumbuka marehemu, wakwe wanapokuja nyumbani kwa mwenye mke kula pamoja naye. Wakila, basi mambo yamekwisha, kinyongo kimezikwa. Wasipokula, heri wangekutukana. Kila mtu aliyekuwa mazishini alielewa kwamba mzee Nicodemus hakuwa anaomba pambo la ukutani. Gordon pia alielewa. Lakini hakuogopa, kwa sababu kufikia siku hiyo alikuwa ameshajiaminisha mwenyewe. Uongo ukiutunza vizuri, unakua ndani ya nyumba kama mtoto wako.

Mwaka ule mvua kubwa zilikata barabara, karamu ikaahirishwa mpaka Desemba ya mwaka uliofuata. Katikati hapo, mtoto wao Opiyo, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alileta kompyuta. Ofisi yao ilikuwa inabadilisha mashine, akapata ile ya zamani pamoja na printa ya rangi na skana ya kunakili picha. Gordon akaiweka sebuleni, akaifunika kwa vitambaa vya kufuma ambavyo Lornah alikuwa amevifuma kwa ajili ya viti, na akatangaza mtaani kwamba picha ya mkewe hataipeleka studio. Ataitoa mwenyewe, hapa hapa nyumbani.

Wa kwanza kuja kutazama alikuwa jirani yake Obiero. Huyu Obiero alikuwa mtu mwema kabisa asiye na ubaya wowote, na asiye na breki mdomoni. Alikuwepo hata kwenye picha yenyewe: picha ndogo ya kawaida, ya familia na wageni mbele ya nyumba siku ya Krismasi ya tisini na sita, Obiero ukingoni akiwa na mfupa mkononi, Gordon katikati na tai, na Lornah kando yake katika gauni lake la bluu la umoja wa akina mama wa kanisa. Uso wa Lornah kwenye picha ile haukuzidi ukucha wa kidole gumba.

Gordon akainakili picha, akaikuza, na Lornah akajaa kwenye kioo cha kompyuta. Obiero akapiga makofi. Gordon hakupiga. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akavua miwani akaifuta.

"Hii mashine ina makosa," alisema. "Mama Opiyo hakuwa hivi."

Chini ya kioo kulikuwa na vitufe vya kurekebisha rangi. Gordon akaanza kubonyeza. Akaongeza wekundu, akapunguza huku, akaongeza kule, Obiero akimwambia bado, bado, hapo, hapana umepita. Wakaendelea hivyo mpaka Lornah akawa wa rangi ya kahawia inayong'aa, mashavu yamejaa damu, kama mtu aliyetoka kuoga. Gordon akaegemea kiti akaridhika sana. "Huyu ndiye," alisema. Akabonyeza kuchapisha.

Printa ikakoroma, ikatoa karatasi polepole. Kwanza mbingu, kisha paa la mabati, kisha kitambaa cha kichwani. Kisha uso ukatoka, na ulikuwa wa manjano. Hayakuwa manjano ya utani. Ngozi ilikuwa ya manjano, na weupe wa macho ulikuwa wa manjano kuzidi ngozi.

Gordon alikasirika kama ambavyo alikuwa akikasirikia vibarua wa stoo. Akasema ni wino mbovu. Akanunua wino mwingine, manjano yakatoka. Akasema ni karatasi, akanunua karatasi nzito inayong'aa, na sasa manjano yakang'aa. Akasafisha printa kwa spiriti. Akaigeuza isielekee dirishani. Kila mara alitazama kioo, akamwona mke wake mzuri mzima wa kahawia, kisha akatazama karatasi, akamwona yule mwingine. Zile karatasi alizichana moja moja na kuzitia jikoni kwenye jiko la makaa, na msichana wa kazi akawa anapika ugali juu ya nyuso za marehemu. Huyo ndiye mume aliyeapa juu ya jeneza, jamani.

Siku za karamu zikakaribia. Ikabidi mtu asiyekosea aende kuomba msaada. Akamwita Yahya Muhidin, kijana wa Kaloleni aliyekuwa na studio mjini na aliyeanza karibuni kutumia kompyuta. Yahya alikuja na viatu vyake mkononi kwa heshima, akaketi, akatazama kioo kwa muda, akatazama karatasi.

"Mzee, naweza kukuuliza kitu? Wewe ndiye huyu wa katikati?"

"Ni mimi."

"Sasa jitazame hapa kwenye kioo."

Gordon hakuwa amejitazama hata mara moja. Muda wote alikuwa anakuza uso wa mkewe peke yake. Yahya akairudisha picha nzima, na Gordon akajiona mwekundu kama tofali la Awasi, na Obiero vilevile, na mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba alikuwa mwekundu pia. Kisha Yahya akaichapisha picha yote. Ikatoka. Kwenye karatasi Gordon alikuwa Gordon, mweusi wa kawaida. Mfupa wa Obiero ulikuwa mweupe. Mbuzi alikuwa mbuzi. Mtu wa manjano alikuwa mmoja tu.

"Printa haina neno, mzee," Yahya alisema kwa sauti ya chini. "Kilichopotoka ni kioo. Hivi vitufe vilichezewa." Akaitazama tena karatasi, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akaongeza, "Pole. Mama alikuwa anaumwa sana siku hiyo."

Hapo ndipo ile Krismasi ilimrudia Gordon, na haikuja kidogo kidogo. Ilikuja yote.

Alikumbuka kwamba aliiona ile rangi. Aliiona kabla ya mtu mwingine yeyote, tangu mwezi wa kumi na moja, na akaamua mara moja kwamba anajua sababu yake, maana yeye hujua sababu ya kila kitu. Wanawake wa sokoni walikuwa wanajipaka krimu za kujichubua ili wawe weupe. Basi na huyu wake ameanza. Akapekua kabati lake, akakuta kopo la mafuta ya kawaida ya mgando, akalitupa kwenye choo cha shimo. Lornah alisema hajipaki kitu, anajisikia mchovu tu, na ubavu unamuuma, na anataka kwenda hospitali ya wilaya. Gordon akamjibu kwamba anajua hospitali anayoitaka, ile inayouza krimu. Hakumpa ruhusa. Na siku ya Krismasi, mbele ya wageni, Lornah alipoleta sahani za nyama akiwa amejifunga kitambaa mpaka karibu na nyusi, Gordon alikivuta kitambaa kile akasema, "Njooni mumwone Madam Krimu. Ameolewa na Mhindi bila kuniambia." Wageni walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Lornah aliweka sahani mezani akasimama pale mpaka wamalize kucheka, kisha akajifunga kitambaa tena, wakatoka nje kupiga picha.

Jina likamshika. Mpaka Pasaka alikuwa Madam Krimu.

Mtu mwingine angelia pale mbele ya kijana wa watu. Gordon aliikunja ile karatasi ikawa mraba mdogo, akauliza, "Unaweza kuyatoa hayo manjano?"

"Ninaweza kuyapunguza. Lakini sijui kuyatoa usoni peke yake, mzee. Nikiyavuta yatatoka picha nzima."

"Yatoe."

"Hata nguo itabadilika."

"Nani atakuja kuangalia nguo? Yatoe."

Yahya akayatoa. Akataka kuvirudisha na vitufe vya kioo ili apate kuona anachofanya, lakini Gordon akamzuia, akasema kioo kiachwe kama kilivyo, yeye amekizoea. Picha ikatoka kubwa, uso wa kahawia, macho meupe kama maziwa. Nguo ilikuwa ya zambarau. Gordon akaitazama, akasema ni nzuri. Akaipeleka kwa fundi wa fremu kule Kibuye, akaipitisha katikati ya vibanda vya mitumba, na wanawake waliouza pamoja na Lornah wakasimama kuitazama. Mmoja akasema, "Yawa, amependeza." Hakusema amefanana.

Kwa muda huo wote kulikuwa na jambo moja ambalo Gordon alilisahau, na mtu wa kwao hapaswi kulisahau. Baada ya mazishi nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake. Kitambaa huyu, sweta yule. Gauni la bluu alilichukua Aoko, mdogo wake Lornah, aliyekuwa ameolewa Nakuru. Na mtu aliyepewa nguo ya marehemu ataivaa siku gani kama si siku ya kumbukumbu?

Siku ya karamu Uyoma palikuwa pamepambwa. Ng'ombe alichinjwa, samaki waliletwa kutoka ziwani asubuhi hiyo hiyo, ugali ulipangwa kwenye masinia na kufunikwa. Majirani wa Migosi walikuja kwa basi la kukodi, Obiero akiwa kiti cha mbele. Picha iliwekwa juu ya meza mlangoni, imezungushiwa maua ya karatasi. Gordon alisimama kando yake na ile tai ya Krismasi. Kila aliyepita alimwambia, bila kuulizwa, kwamba picha ameitoa mwenyewe nyumbani kwake.

Wakwe wakaingia, Nicodemus mbele na fimbo yake. Akasimama mbele ya picha muda mrefu. Uso wake ukalegea. "Dada yangu alikuwa mzuri," alisema. Akamgeukia Gordon akampa mkono, na Gordon akaushika kwa mikono yote miwili. Wakaketi. Wakaletewa maji ya kunawa. Pale Gordon alijua ameshinda, na moyoni mwake akajipongeza kwa kutokupepesa macho.

Aoko aliingia wa mwisho kwa sababu alikuwa amebeba mtoto. Akasimama mbele ya picha ndani ya gauni la bluu. Shangazi mmoja mzee aliyekuwa kwenye mkeka akamtazama yeye, akatazama picha, akamtazama tena.

"Gauni si ndilo hilo hilo?" shangazi aliuliza. "Mbona pale ni zambarau?"

Wanawake wakacheka. Aoko akaishika sehemu ya gauni karibu na ukosi, pale mshono wa dada yake ulipokuwa umerudiwa kwa uzi mweusi. Kwenye picha ule uzi ulionekana pia. Nguo ilikuwa ile ile. Hakucheka.

"Shemeji, nani amebadilisha rangi?"

"Mashine," Gordon alisema. "Mashine hizi zina matatizo madogo ya nguo. Nguo nyingi huwa hivyo."

"Na uso?"

"Uso uko sawa. Uso hauna shida."

Nicodemus, ambaye mikono yake ilikuwa bado juu ya beseni, akauliza pole pole, "Alikuwa hivi kweli, ora? Krismasi ile?"

"Hivi hivi, mbele ya Mungu. Waulize watu wa Migosi, walikuwepo."

Alikuwa amezoea kushinda, ndiyo maana akaita mashahidi. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini huyu kilio kilikuwa kimeshapita salama, akaita kingine kwa mkono wake mwenyewe. Obiero akasimama kule nyuma, amefurahi kwamba ametajwa. Alikuwa ameshakunywa kidogo. Alitaka kumsaidia rafiki yake.

"Nilikuwepo, wazee. Nimo hata kwenye ile picha ndogo. Siku hiyo tulicheka sana. Huyu Gordon ni mchekeshaji, watu hawajui. Alimvua mama kitambaa akasema njooni mumwone Madam Krimu, amekuwa wa manjano kama ndizi mbivu. Mama mwenyewe alikuwa amesimama hapo na sahani, wa manjano kweli." Akaangalia huku na huku apate wa kucheka naye. "Madam Krimu," alirudia, kwa sauti ndogo kidogo.

Lornah alipokuwa amelazwa alimwambia Aoko kwamba nyumbani anaitwa jina hilo, na Aoko, Mungu amsamehe, alimuuliza ni krimu gani alikuwa anajipaka. Lornah aligeukia ukutani.

"Kumbe ulimwona," Aoko alisema.

Gordon akafungua mdomo kumsahihisha. Akaanza kusema kwamba neno alilotumia siku hiyo halikuwa ndizi. Ndivyo alivyosema, watu walisikia: "Sikusema ndizi." Kisha hata yeye akajisikia mwenyewe alichokuwa akisema.

Nicodemus aliitoa mikono yake kwenye beseni. Hakuipangusa. Aliikung'uta chini, tone tone, mbele ya yule aliyeshika jagi, akachukua fimbo akainuka. Ndugu zake wakainuka. Wanawake wakakunja mikeka waliyokuja nayo. Masinia yalikuwa bado yamefunikwa, na mvuke ulikuwa unatoka chini ya vitambaa. Wakapita mbele ya chakula chote kile mmoja mmoja, mpaka watoto, mtoto mmoja akilia kwamba ana njaa na mama yake akimvuta. Obiero alikuwa anauliza watu amesema nini kibaya.

Aoko alibaki nyuma kidogo. Akaingia ndani akavua gauni, akatoka amejifunga leso mbili, akaliweka lile gauni juu ya meza mbele ya picha, limekunjwa vizuri kama Lornah alivyokuwa akikunja nguo za kuuza.

"Baki navyo vyote viwili," alimwambia. "Wewe unajua kusahihisha."

Nyama ililiwa na majirani, na iliyobaki ililiwa na mbwa. Opiyo aliondoka na basi la jioni kurudi Nairobi bila kumuaga baba yake. Mpaka mwisho wa maisha yake Gordon hakula tena katika nyumba ya mkwe wake yeyote, wala hakuna mkwe aliyekula kwake. Alitafuta kuoa tena, akaenda Bondo mara kadhaa, lakini habari ilimtangulia kila alikobisha. Wazazi walimpa chai, wakamuuliza kama ile mashine yake ya rangi bado inafanya kazi.

Lakini aliporudi Migosi, asubuhi iliyofuata karamu ile, aliwasha kompyuta kabla hajavua viatu. Akaifungua picha ile ya kwanza, ambayo Yahya hakuigusa. Akavibonyeza vitufe akivirudisha vyote mahali vilipokuwa siku mashine ilipoingia nyumbani. Wekundu ukaondoka usoni mwa Lornah, mashavu yakashuka, na manjano yakapanda mpaka machoni. Akalitoa gauni kwenye mfuko, akalitandika kando ya kioo. Bluu ilikuwa ile ile. Akaichapisha picha, akaiweka kando ya gauni, na bluu ilikuwa ile ile, na uso ulikuwa ule ule. Kioo, karatasi na nguo vilifanana kabisa. Akaketi mbele ya vyote vitatu na tai yake shingoni, na Lornah akiwa amesimama pale, anasubiri wamalize kucheka.